Koleo lilivunjika, uhunzi ukaendelea: maisha ya Rebecca Lukens

Historia ya vyombo vya majini, kama inavyosimuliwa katika vitabu vingi wanavyosoma wanafunzi wetu, ni historia ya watu wa aina mbili. Yuko nahodha aliyeshika usukani, na yuko fundi aliyekiunda chombo. Majina yao huandikwa kwenye vibao na kutajwa katika mitihani. Mtu wa tatu hatajwi sana: yule aliyetoa malighafi, akaiuza kwa mkopo, akangojea malipo kwa miezi mingi, na akaibeba hasara pale mnunuzi aliposhindwa kulipa. Bila mtu huyo fundi angebaki na nyundo mkononi, na nahodha angebaki ufuoni. Makala haya yanamhusu mmoja wa watu hao wa tatu, naye alikuwa mwanamke.

Jina lake ni Rebecca Lukens. Alizaliwa mwaka 1794 na kufariki mwaka 1854 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kwa zaidi ya miaka 20 alisimamia kinu kilichotengeneza mabamba ya chuma, hasa yale ya matangi ya mvuke yaliyoendesha meli za moshi. Mwaka 1994, miaka 200 baada ya kuzaliwa kwake, jarida la Fortune lilimwingiza katika orodha yake ya wafanyabiashara mashuhuri wa Marekani, akatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kuongoza kampuni ya viwanda.

Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi wala mwanahistoria wa bahari, na kilichonivuta kwa mama huyu ni neno moja dogo tunalolitumia kila siku: mwenye. Twasema mwenye duka, mwenye chombo, mwenye shamba. Neno hilo halituambii iwapo mtu huyo anafanya kazi au amekaa kitako. Kazi ina maneno yake: msimamizi, mwendeshaji, mtendaji. Maisha ya Rebecca Lukens yalipita katika mwanya ulio baina ya maneno hayo. Alikuwa msimamizi wa kinu tangu mwaka 1825. Mwenye kinu, kwa maana kamili ya sheria, hakuwa mpaka mwaka 1853, mwaka mmoja tu kabla ya kufa kwake. Hilo ndilo jambo ninaloomba walimu na wanafunzi walitafakari pamoja nami.

Baba yake, Isaac Pennock, alikuwa mkulima wa kaunti ya Chester aliyeligeukia chuma. Mwaka 1793 alifungua kinu kidogo kando ya kijito cha Buck Run, ambako chuma kilipasuliwa kuwa fito za kutengenezea misumari, pamoja na pete za mapipa na za magurudumu. Mama yake aliitwa Martha. Familia hiyo ilikuwa ya Wakweka, madhehebu ambayo hapa Kenya hayahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana yalifika Kaimosi mwaka 1902 na yana waumini wengi hadi leo. Linalofaa kukumbukwa ni kwamba Wakweka, tofauti na Wakristo wengi wa enzi hizo, waliwaruhusu wanawake kusimama na kunena katika ibada, na waliona kuwa binti naye anastahili kusomeshwa.

Rebecca alikuwa mkubwa miongoni mwa watoto wa nyumba hiyo. Katika maelezo mafupi ya maisha yake aliyowaandikia watoto wake baadaye, alijikumbuka akiwa msichana apendaye kupanda farasi na kuzurura mashambani. Alipelekwa shule ya bweni, na hatimaye akasoma katika mji wa Wilmington, jimbo la Delaware, ambako alifurahia hasa Kifaransa na kemia. Ningependa tukishike kidogo hicho kisa cha kemia. Hakuna aliyemfundisha msichana huyo kemia ili aje kuwa mhunzi; alifundishwa kwa kuwa elimu ilihesabiwa kuwa jambo jema. Miaka mingi baadaye, alipotakiwa kuamua ni chuma kipi kinafaa kununuliwa na ni kipi kitapasuka motoni, hakuwa akibahatisha kama mtu aliyeokotwa njiani. Elimu isiyo na kazi leo huenda kazi yake ikaja kesho.

Mwaka 1810 baba yake, akishirikiana na Jesse Kersey, alinunua mahali penye kinu cha kupasulia mbao kando ya mto Brandywine, katika kijiji kilichokuja kuitwa Coatesville, takriban maili 40 magharibi ya Philadelphia. Mahali hapo pakageuzwa kuwa kinu cha chuma. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1813, Rebecca aliolewa na Dkt. Charles Lukens, tabibu kijana. Si muda mrefu tabibu huyo aliacha dawa, akaingia katika biashara ya mkwewe, na baadaye akakikodi kinu cha Brandywine kwa kodi ya dola 420 kwa mwaka. Tuiangalie vyema hali hiyo. Charles hakuwa mwenye kinu. Alikuwa mpangaji kwa baba mkwe wake, na kila alichokijenga pale alikijenga juu ya msingi wa mtu mwingine.

Hata hivyo alijenga. Zama hizo Marekani ilikuwa imeingiwa na hamu kubwa ya mvuke. Meli za moshi zilianza kupanda na kushuka mito mikubwa, na kila meli ilihitaji tangi la kuchemshia maji ambalo lingestahimili msukumo wa mvuke bila kupasuka. Mabamba ya kuundia matangi hayo hayakuwa kama fito za misumari. Yalitakiwa yawe mapana, yenye unene ulio sawa kila mahali na yasiyo na nyufa za ndani. Historia ya kampuni hiyo inauhesabu mwaka 1818 kuwa ndio mwaka mabamba ya matangi ya mvuke yalipotengenezwa Brandywine kwa mara ya kwanza, na inayahesabu kuwa ya kwanza nchini Marekani.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Donge bapa la chuma liliingizwa katika moto wa makaa ya miti mpaka likawa jekundu, kisha likapitishwa katikati ya magogo mawili ya chuma yaliyokuwa yakizungushwa na gurudumu la maji. Lilipitishwa tena na tena, kila mara magogo yakikaribiana zaidi, mpaka donge likawa bamba. Mto ulipojaa, kazi ilikwenda. Mto ulipokauka, kila kitu kilisimama, na wafanyakazi wakangojea mvua kama wakulima. Bamba baya halikuwa hasara ya fedha pekee. Tangi lililopasuka ndani ya meli liliwaunguza na kuwazamisha watu kwa makumi, na ajali za namna hiyo zilikithiri hata serikali ya Marekani ikatunga sheria za kuzizuia mwaka 1838 na tena mwaka 1852, hiyo ya pili ikidai kwamba mabamba ya matangi yapimwe na kutiwa chapa. Mtengenezaji wa mabamba aliyashika maisha ya abiria ambao hangewaona kamwe.

Kisha mwaka 1825 likaja agizo ambalo limeliweka jina la Brandywine katika historia ya vyombo. Katika mji wa York, Pennsylvania, alikuwako fundi aitwaye John Elgar, naye alikuwa amedhamiria kuunda meli ya moshi ambayo mwili wake wote ungekuwa wa chuma. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao mafundi wetu wa Matondoni bado wanaunda jahazi kwa mbao na misumari, twaweza kufahamu jinsi wazo hilo lilivyowashangaza watu. Chuma huzama, mbao huelea. Lakini chombo hakielei kwa sababu ya kitu kilichoundiwa. Huelea kwa sababu ya maji kinayoyasukuma kando, na kwa kuwa bamba jembamba la chuma laweza kuwa jepesi kuliko ubao mnene wa nguvu ile ile, chombo cha chuma chaweza kupita katika maji machache zaidi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha. Mto Susquehanna ni mpana lakini una miamba na maji haba, na wafanyabiashara waliutamani uwe njia ya kuleta mazao kutoka bara.

Huko Uingereza, meli ya chuma iitwayo Aaron Manby ilikuwa imekwisha kuvuka bahari hadi Ufaransa mwaka 1822. Marekani haikuwa na chombo cha aina hiyo. Elgar aliwaagizia Brandywine mabamba, na kinu kikaanza kuyatengeneza. Meli hiyo, yenye urefu wa futi 60 na upana wa futi 9, iliitwa Codorus, ikashushwa majini mwezi wa Novemba mwaka 1825. Mwaka uliofuata ilipanda mto mpaka Binghamton katika jimbo la New York na kurudi. Biashara iliyokusudiwa haikufaulu, kwa kuwa mto wenyewe haukufaa, na meli ikapelekwa kwingine. Lakini ilikuwa imethibitisha kuwa chombo cha chuma chaweza kuundwa Marekani kwa chuma cha Marekani. Meli nyingi kubwa za leo, pamoja na zile za anasa ambazo matajiri huzitembeza duniani kwa starehe, zina mwili wa mabamba. Codorus ni mmoja wa mababu zao.

Charles Lukens hakuiona meli hiyo ikielea. Alifariki katika kiangazi cha mwaka huo huo wa 1825, wakati kazi ya mabamba ilikuwa haijakamilika. Rebecca alikuwa na umri wa miaka 31. Alikuwa na watoto wadogo, na alikuwa mjamzito. Katika maisha yake alizaa watoto sita, na si wote waliofikia utu uzima. Mumewe alipokuwa akikata roho alimwomba akiendeleze kinu, naye akaahidi.

Walimu wetu wa shule za msingi huwafundisha wanafunzi kuwa mwanamke aliyefiwa na mumewe ni mjane, na mwanamume aliyefiwa na mkewe ni mgane. Wanafunzi huyakariri maneno hayo kama jozi iliyo sawa. Lakini maneno hayo hayana uzito sawa katika maisha. Mgane hubaki na shamba lake, na jina lake, na biashara yake. Mjane, katika jamii nyingi na katika zama nyingi, huanza kuulizwa maswali. Rebecca aliulizwa. Na aliyemuuliza kwa ukali zaidi alikuwa mama yake mzazi.

Hapa lazima nieleze suala la mirathi, maana ndilo kiini cha habari hii. Isaac Pennock alikuwa amefariki mwaka 1824, mwaka mmoja kabla ya mkwewe. Rebecca na Charles walikuwa wameelewa kwamba kinu cha Brandywine kingekuwa chao. Wosia wa mzee haukulisema jambo hilo waziwazi. Ulimwachia mkewe Martha haki ya kuitumia mali yote muda wote wa maisha yake, na baada ya kufa kwake mali hiyo igawanywe baina ya watoto. Kwa hivyo Rebecca alipofiwa alijikuta na kinu ambacho hakuwa mwenyewe, na madeni ambayo yalikuwa yake hasa. Charles alikuwa ametumia fedha nyingi kukitengeneza upya kinu, na wadai walikuwa wakibisha hodi. Martha, ambaye sasa ndiye aliyekuwa na haki ya mali, aliamini kwamba biashara ya chuma si mahali pa mwanamke, na hakulificha wazo hilo.

Nani basi alikuwa mwenye kinu? Sheria ilisema Martha. Ahadi ilisema Rebecca. Madeni yalisema Rebecca. Ndugu zake nao walikuwa wakingojea fungu lao. Yeye aliendelea kulipa kodi na kufanya kazi.

Aligawa kazi kwa busara. Solomon Lukens, shemeji yake, alisimamia shughuli za ndani ya kinu, yaani moto, magogo na watu. Rebecca mwenyewe alishika biashara: kununua chuma ghafi, kupanga bei, kuandika mikataba, kuwafuatia wadaiwa na kuwatuliza wadai. Mzigo ulisafirishwa kwa magari ya kukokotwa na wanyama hadi Philadelphia na Wilmington, katika barabara ambazo mvua iliziharibu. Mwaka 1834 reli ya kutoka Philadelphia kwenda Columbia ilifunguliwa, nayo ikapita karibu kabisa na kinu chake. Aliifahamu upesi thamani ya jambo hilo, akaongeza bohari na duka, akajenga nyumba za wafanyakazi. Mabamba yake yakaenda mbali, mpaka kwenye meli za moshi za mto Mississippi, na baadaye yakatumika katika matangi ya garimoshi pia. Yalikuwako pia mashindano ya chuma cha Uingereza, kilichouzwa kwa bei ya chini, na ulikuwako mgogoro na jirani juu ya bwawa la maji. Kwa kinu kinachoendeshwa na mto, mgogoro wa bwawa ni mgogoro wa uhai.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1837. Mabenki ya Marekani yalisimamisha malipo ya fedha taslimu, biashara zikaporomoka, na maagizo yakakatika. Wakati wa dhiki ya namna hiyo jambo jepesi kwa mwajiri ni kuzima moto na kuwaambia watu waende zao. Rebecca hakufanya hivyo. Wafanyakazi ambao hawakuwa na chuma cha kubana aliwapa kazi ya kukarabati kinu na kulima shamba lake, na alipokosa fedha za kuwalipa, aliwalipa kwa mazao ya shamba. Sipendi kumgeuza malaika kwa sababu hiyo. Alikuwa mfanyabiashara, na alijua kwamba fundi aliyezoea kulisoma joto la chuma kwa macho hapatikani sokoni siku maagizo yatakaporudi. Lakini rehema yenye hesabu ni rehema bado, na familia zilizokula mwaka huo hazikuuliza iwapo zililishwa kwa huruma au kwa akili.

Aidha, madeni ya marehemu mumewe aliyalipa. Mwanamke aliyekuwa ameachiwa mzigo wa madeni alikuja kuacha, siku ya kufa kwake, mali yenye thamani ya zaidi ya dola 100,000, kiasi kikubwa mno kwa siku hizo.

Ipo pia sehemu ya habari hii ambayo wasifu wa watu mashuhuri hupenda kuiruka, nami sitairuka. Meli za mto Mississippi zilibeba nini? Zilibeba abiria, na zilibeba pamba, na pamba hiyo ililimwa na watumwa weusi. Wakweka walikuwa mstari wa mbele kuupinga utumwa, na jimbo la Pennsylvania lilikuwa limetunga sheria ya kuuondoa hatua kwa hatua tangu mwaka 1780. Lakini bamba lililotoka Brandywine likiwa safi halikuweza kuchagua mzigo litakaousukuma. Biashara ya chuma cha meli ilinufaika na uchumi ambao dini ya mwenye kinu iliulaani. Mwanafunzi anayetaka kumfahamu mtu wa zamani hana budi kuyashika mambo hayo mawili kwa pamoja, bila kulitupa mojawapo ili lingine lipendeze. Ushujaa wa mjane huyo ni wa kweli. Pamba ile nayo ilikuwa ya kweli.

Sasa turudi kwenye neno letu. Kwa Kiingereza cha siku zake, mtu aliyemiliki na kuendesha kinu cha chuma aliitwa kwa neno ambalo ndani yake mna bwana. Hapakuwa na neno la pili lenye bibi. Kiswahili kingemwita mwenye kinu, na hapo kisarufi kisingeuliza jinsia yake kabisa. Wanafunzi wangu hupenda kujivunia jambo hilo: lugha yetu, husema, haibagui. Ngeli ya mtu ni moja kwa mume na mke, na kiambishi ni kile kile. Ni kweli, na ni jambo zuri. Lakini lugha isiyouliza jinsia haiizuii jamii kuuliza. Tazama jinsi tunavyosikia. Mtu akisema kuwa mwenye chombo amefika, wengi wetu tayari tumemwona mwanamume akilini kabla ya sentensi kwisha. Sarufi imeacha mlango wazi, na mazoea yameufunga.

Na pale mazoea yanapoufunga mlango, sheria ndiyo ufunguo, au ndiyo kufuli. Chini ya sheria ya kimila ya Kiingereza ambayo Marekani iliirithi, mwanamke aliyeolewa hakuwa na mali yake mwenyewe; alichokuwa nacho kilimezwa na haki za mumewe. Kwa kejeli ya historia, mjane alikuwa huru zaidi kuliko mke, kwa kuwa aliweza kutia sahihi mikataba kwa jina lake. Pennsylvania ilitunga sheria ya kuwapa wake haki ya mali yao mwaka 1848. Kufikia wakati huo Rebecca alikuwa amekwisha kustaafu shughuli za kila siku, maana aliziacha mwaka 1847, mkwewe Abraham Gibbons akashika nafasi. Aliishi maisha yake yote ya kazi kabla ya sheria kumtambua mwanamke wa kawaida kuwa mtu wa biashara.

Sheria hiyo ya Kiingereza ndiyo iliyoletwa Kenya pia wakati wa ukoloni, na ndiyo sababu kesi ya Brandywine si ngeni kwetu kama inavyoonekana. Haki aliyopewa Martha Pennock, ya kuitumia mali maishani huku watoto wakingojea, ndiyo haki ambayo Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilimpa mjane aliyeachwa na watoto pasipo wosia. Ni haki yenye nia njema, kwani humlinda mama asifukuzwe. Lakini anayekitumia kitu maishani tu si mwenye kitu kwa ukamilifu, na wale wanaongoja hawawezi kukijenga kwa moyo mmoja. Martha alifariki mwaka 1844. Mtu angedhani kwamba hapo mambo yangekwisha. Hesabu za mirathi ziliburutwa miaka mingine tisa, na hazikufungwa hadi mwaka 1853. Kuanzia kifo cha mumewe mpaka siku kinu kilipokuwa chake bila shaka yoyote ilipita miaka 28.

Fikiria, msomaji, maana ya miaka 28. Mtoto aliyekuwa tumboni mwaka 1825 angekuwa mtu mzima. Kwa muda wote huo kila ukarabati, kila jiwe la bwawa, kila gogo jipya la kubania chuma aliliweka juu ya mali ambayo siku yoyote ingeweza kugawanywa mbele ya macho yake. Wengi husema kuwa alikuwa jasiri, na sibishi. Lakini nadiriki kusema kuwa kumsifu kwa ujasiri pekee ni njia rahisi ya kutoizungumzia dhuluma iliyomlazimisha awe jasiri. Mwanamume wa hadhi yake, aliyekiendesha kinu kwa ufanisi huo, hangehitaji ujasiri wa miaka 28 ili aitwe mwenye kinu. Angehitaji sahihi ya baba yake tu.

Rebecca Lukens alifariki tarehe 10 Desemba 1854, akiwa na umri wa miaka 60. Mwaka 1859 warithi wake walikipa kinu jina lake, na jina la Lukens likadumu kwenye lango hilo kwa zaidi ya karne. Kampuni ilikua, ikahama kutoka chuma kwenda pua, na ikabaki na jina hilo mpaka iliponunuliwa na Bethlehem Steel mwaka 1998. Nguzo za pua za minara ya World Trade Center ya New York, zile zilizofanana na miti yenye matawi, zilitokana na pua ya Coatesville. Baada ya minara kuanguka mwaka 2001 baadhi ya nguzo hizo zilionekana zimesimama kifusini, na mwaka 2010 kumi kati yake zilirudishwa Coatesville. Nalitaja hilo kwa sababu ya jina. Jina lililokuwa la mumewe, yeye ndiye aliyelifanya lishike.

Nina ombi kwa walimu. Tunapowafundisha wanafunzi habari za viwanda, tusiishie kwa majina ya wavumbuzi na mashine zao. Tuwaulize maswali ya mirathi: nani alikuwa na hati, nani alikuwa na deni, nani alifanya kazi, na je, watu hao walikuwa mtu mmoja? Maswali hayo yanafaa kwa kinu cha Brandywine, na yanafaa pia kwa shamba la majani chai, kwa duka la sokoni, na kwa mashua ya kuvulia samaki. Kwa wanafunzi nina ombi jingine. Mtakaporudi nyumbani likizo, mkamkuta mama, shangazi au nyanya anayeiendesha shughuli ya familia, muulizeni kwa heshima iwapo jina lake limeandikwa mahali popote. Na nyinyi mnaosoma kemia bila kuona itawafikisha wapi, mkumbukeni yule msichana wa Wilmington.

Wahenga walisema kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Rebecca Lukens aliuthibitisha ukweli wa methali hiyo kwa moto na kwa maji. Wahenga hawakutuambia, hata hivyo, koleo jipya litaandikwa kwa jina la nani. Hilo wametuachia sisi.